Tembo Mfukoni mwa Bibi

Jumanne jioni, Tukuyu. Mvua juu ya bati
kama mtu anayemwaga maharage na hakomi.
Darasa letu ni stoo ya duka la mbolea;
tunakalia mifuko ya urea,
Kiarabu chetu kinanuka shamba.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha watu wenye adabu.
Huyu ni mwanafunzi. Mwanafunzi yumo darasani.
Baba amerudi kutoka kazini.
Nilikariri kama kiapo,
na kabla sijafika Makandana
baba yule alikuwa amesharudi alikotoka.

Ndipo Ustadhi Shaweji, mtu mkavu, asiyetaniwa,
alipofunga kitabu na kuandika kwa chaki:
Al-baqaratu taqrau l-jarida.
Ng'ombe anasoma gazeti.

Tulinagwe, mkunga, alicheka hadi akashika nguzo.
Mzee Mwaisumo, mfugaji, akauliza kwa uchungu
kama ng'ombe huyo anakamuliwa au anasoma tu.
Na humo humo kichekoni swali likachomoza:
hiyo ta, mbele ya kusoma, imetoka wapi?

Kwa ng'ombe. Kwao ng'ombe ni wa kike,
na kitenzi humfuata mwenyewe hata akifanya upuuzi.
Sisi tumemwazima a- ya watu kwa kuwa anapumua,
jike a-, dume a-, basi.
Na jarida lilikuwa letu siku zote,
limekaa kwetu kama mpangaji mkimya,
hatujawahi kumuuliza kwao wapi.

Sentensi yenye busara unaikisia
kama mlango wa kwenu gizani:
ukisikia mwanafunzi, mkono umeshaishika shule.
Lakini ng'ombe akilikaribia gazeti
huna budi kusikiliza mpaka irabu ya mwisho,
maana anaweza kulila, au kuomba miwani.

Fi jaybi jaddati fil.
Mfukoni mwa bibi yangu mna tembo.
Nikamwona bibi kule Masoko, kati ya migomba,
sweta la kijani, mfuko umevimba upande,
anapenyeza karanga moja moja.
Fi haijanitoka tena.
Ni tundu alimopitia tembo.

Mwezi wa sita, Kiwira, kwenye banda la parachichi,
akaja mnunuzi kutoka Salala.
Mkalimani wake gari limemfia Igawilo.
Nilikuwa nimejiandaa: salamu, kreti, kilo, bei.
Nilipofungua mdomo vyote vikaruka kama kuku,
akabaki tembo.

Fi jaybi jaddati fil, nikasema.

Wapimaji wakaacha mizani.
Mgeni akavua miwani, akaifuta kwa kanzu,
akauliza polepole, kama anayeuliza habari za mgonjwa:
Mkubwa?
Saghir, nikajibu. Mdogo.
Alhamdulillahi, akasema, akavuta kreti, akaketi.
Bei aliishusha vilevile.
Lakini aliishusha kwa Kiarabu, na nilimwelewa,
na nilikataa mara mbili.

Jumanne nikamsimulia Ustadhi. Hakutabasamu.
Jaybi au jaybu? akauliza.
Jaybi.
Akatikisa kichwa mara moja, kama anayegonga muhuri,
akageukia ubao.
Mvua ilikuwa imerudi. Chaki ililia.
Mwezi, aliandika,
na sote, hata Mwaisumo, tukashikilia pumzi
kusikia mwezi umefanya nini.