Dirisha la Tishari Namba Kumi na Saba

Mnaniuliza ndani kulikuwaje,
asili yake, kabla ya kutu na chaza.
Asili ipi, Bwana Rweyongeza?

Ya kwanza ilikuwa tupu: mataruma na giza,
chuma kilicholetwa vipande vipande
kikaungwa kwa ribiti pale Kurasini
na wanaume waliokuwa viziwi kabla ya mvi.
Tumbo hili halikujengewa mtu.
Lilijengewa katani, saruji, marobota ya pamba,
maana meli zilitia nanga nje, gati hazikuwapo.
Gati zilipojengwa, meli zikaja zenyewe hadi ukutani
na tishari zikafungwa Mtoni, saba kwa kamba moja,
kama punda waliozidi hesabu.

Baba, Kondo Mwinyigoha, akaachwa azilinde.
Kampuni ilimpa chemli, filimbi, na neno "kwa muda".
Kwa muda ikawa miaka kumi na mmoja.

Haya, Masanja, shika chaki. Nifuate.

Hapa omoni, kitanda: mbao za masanduku ya chai,
herufi zake bado nyeusi.
Neno la kwanza kulisoma maishani mwangu
ni TANGA, limepinduka, nami nimelala chali.
Hapa jiko: kasha la mchanga, mafiga matatu.
Wali ukiungua, nyumba nzima ilikuwa sufuria.
Hapa kiambaza, magunia yaliyopakwa lami,
huku wazazi, huku sisi wanne na kuku.
Kabati usichore. Chuma hakipigiliwi msumari,
kila kitu kilining'inia kwa kamba za katani,
vikombe, Msahafu, viatu vya shule,
na maji yakijaa usiku vyote vilipiga soga.
Chini ya ubao huu, ngama.
Makopo arobaini ya kukumba maji kila alfajiri, kwa zamu.
Waliosema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani
hawakuwahi kukabidhiwa kopo.

Na hapa, penye tundu. Simama.
Hili mngeuliza juzi.

Mama, Binti Pazi, aliomba dirisha.
Mwaka wa kwanza aliomba kwa mdomo,
wa pili kwa barua ya karani wa Temeke, shilingi mbili.
Jibu lilikuja na muhuri:
chombo ni mali ya kampuni, kisitobolewe.
Akaikunja, akaiweka chini ya mtungi.
Zahanati ilipopakwa rangi alinunua mabaki, bluu,
akalichora. Fremu, pazia limefungwa pembeni,
na nje yake si bahari (bahari alikuwa nayo ya kutosha)
bali duka la kona, benchi,
na mtu asiye na sura anayesubiri chenji.
Kila asubuhi alilifuta vumbi.
Wageni wakija alisema, Samahanini,
limegoma kufunguka.

Juzi Masanja alikwangua kutu, akaniita:
Mama, hapa kuna bluu.
Nawe, Bwana Rweyongeza, bila kujua,
ramani yako ilikwisha kuweka dirisha palepale,
eti ndipo upepo unapopenda kuingia.
Jana mashine ilikata. Dakika ishirini.
Mwanga ukaingia kama mpangaji mwenye risiti.
Nikachungulia: tope, kreni, makontena.
Duka hakuna.

Kipande kiliangukia ndani, kikalia mara moja.
Masanja alikiweka kwenye mizani ya chuma chakavu:
kilo kumi na nne, mia saba kwa kilo.
Sikubishana bei.
Nilikipakata kwenye bajaji mpaka Mbagala,
rangi ikinichujukia kangani.
Dereva akauliza, Mama, hiyo nini?
Dirisha, nikamwambia.
Akageuka, akalitazama mpaka taa zikawaka kijani.
Limegoma kufunguka.