Kabati la Saa Sita

Mimi ndiye niliyenyosha mkono kwanza.
Mkutano wa walimu, Zugdidi, Septemba, jiko la kuni bado halijawashwa,
mkuu wetu Gvantsa akauliza: nani anataka simu zipigwe marufuku?
Mkono wangu ukawa juu kabla swali halijatua.
Nilichoka, jamani.
Miaka miwili nilifundisha nywele.
Nachora pembetatu ubaoni, nageuka,
nakuta vichwa ishirini na sita vimeinama
kama watu wanaotafuta pini iliyoanguka.

Tukalivuta kabati la maabara,
lile lililokuwa na chupa za asidi.
Fundi Gocha akalikata vyumba vidogo, akavipa namba,
ufunguo nikapewa mimi:
mwiba wa kujidunga.

Wiki ya kwanza mikono yao iliwatoroka,
ikaenda mfukoni, ikakuta mfuko, ikarudi imeaibika.
Wiki ya tatu mtu akaokota mpira nyuma ya ghala la mahindi.
Mwezi wa pili Lasha akaniuliza swali.
Swali, si ruhusa ya kwenda msalani:
Mwalimu, kwa nini sifuri haigawi?
Nilikaa chini.

Kwa hiyo msiniambie marufuku ni ujinga.
Wala msinipigie makofi bado.

Kabati linanguruma.
Ukilipita wakati wa mapumziko utadhani nyuki wamehamia.
Namba kumi na tisa ndiyo inayoanza,
kila siku, saa sita kamili:
inatetemeka mara saba, inanyamaza,
inatetemeka tena mara mbili,
kama mtu anayegonga mlango huku ameshaanza kuondoka.

Namba kumi na tisa ni ya Keto.

Kwa Kijojia, neno mama maana yake baba.
Aliyekuzaa ni deda.
Wageni wakisikia hucheka. Sisi siku hizi hatucheki:
kwa nusu ya darasa langu, anayesuka nywele asubuhi ni mama,
ana ndevu, ana mikono ya kufungua trekta,
na msuko wa Keto huingia darasani umepinda
kama barabara ya mlimani.
Deda yuko Bari, Italia, anamwogesha kikongwe asiye wake.
Kikongwe akishaoga husinzia robo saa.
Kwao ni saa tatu asubuhi.
Jioni je? Jioni kikongwe halali, humwita marehemu mumewe mpaka alfajiri,
na nyumba ile nayo
ina sheria yake ya simu.

Jumatano moja nilifungua. Sikukusudia.
(Nilikusudia.)
Bibi Natela, nikasema, Keto yuko nje anacheza, ngoja nimwite.
Usimwite.
Anacheza na nani?
Nikachungulia. Na watu wote, nikasema.
Basi nipeleke dirishani, mwalimu.

Nikatoa mkono nje, mkono uleule,
nikaishika simu juu ya ua kama taa.
Makelele! Lasha anadai penalti,
mtu analia, mtu anamwita mwenzake mwizi,
na Keto anacheka kile kicheko chake cha kutoboa bati.
Mwaka jana, saa kama hii, ningempelekea nini?
Vidole.
Upande wa pili hapakuwa na neno, pumzi tu.
Kisha kengele ndogo ikalia huko huko kwao,
akanong'ona: ameamka.
Simu ikakatika.

Ijumaa mkaguzi anakuja kutoka Tbilisi na fomu yake.
Je, marufuku inatekelezwa? Ndiyo. Hapana.
Visanduku viwili, hakuna cha dirisha.
Gvantsa anataka nijaze mimi, si nilinyosha mkono?
Nimetia alama kwenye Ndiyo,
kwa penseli.

Keto sijamwambia kitu.
Ila leo asubuhi, alipoiweka simu chumba namba kumi na tisa,
hakuilaza kama wenzake.
Aliisimamisha, kioo kikitazama nje.