Daftari la Kuwasili

Baba yangu, Kapaya, hakuwa mtu wa nyota.
Alitazama saa ya ukutani, stesheni ya Tabora,
akaandika kwa wino wa bluu treni ipi imeingia,
ya Mwanza au ya Kigoma, na imechelewa kiasi gani.
Safu ya mwisho iliitwa Sababu.
Ng'ombe njiani. Mafuriko Malagarasi. Haijulikani.

Usiku huu safu hiyo naijaza mimi.
Umeme umekatika Cheyo, kompyuta ina chaji asilimia kumi na tisa,
na kwenye kioo kuna nyota iliyopasuka
ambayo tutaiona mara nne.
Ni moja tu, naapa. Mbele yake limekaa kundi la nyota,
zito hata anga limebonyea kama godoro la mgonjwa,
na mwanga ulipofika hapo ukagawanyika
kama reli inavyogawanyika hapa kwetu:
huu ukakatiza karibu, bondeni, ukakawia;
huu ukazunguka mbali, na ndio uliowahi.

Picha ya kwanza, imekufa.
Ya pili, imekufa siku nane baadaye.
Ya tatu, juzi.
Pale pa nne pangali giza: huko bado ni hai.

Napima pengo. Pengo ndilo linalosema
njia hizi zimepishana kiasi gani,
na kutoka hapo, kwa hesabu ya kurasa nyingi,
ulimwengu unatanuka kwa kasi ipi,
kila kitu kikiondoka kwa kila kitu
bila kuaga.
Wapo wanaopata sitini na saba. Wapo sabini na tatu.
Wanabishana kwa adabu. Mimi sijafika hata kwenye ubishi.

Nilikuwa darasa la sita
kaka yangu Mlekwa alipofia Uvinza, kwenye chumvi.
Habari ilikuja Jumanne kwa simu ya reli,
Nguruka, Usinge, Kaliua, Urambo,
na baba akaipokea amesimama.
Jumamosi treni ikaleta barua, mwandiko wake mwenyewe:
*Mshahara umetoka. Mwambieni Nyamizi
anitumie kipimo cha mguu, namnunulia viatu.*

Siku nne.
Kwa simu alikuwa maiti,
kwa posta alikuwa hai, na pesa mfukoni.
Baba aliandika: saa tatu na dakika arobaini nyuma.
Kwenye Sababu hakuandika kitu.
Mama alitandika karatasi sakafuni,
akaniambia nikanyage,
akauchora mguu wangu hivyo hivyo.

Chaji inaisha. Nahifadhi kazi.
Kesho, au mwakani, pale pa nne patawaka,
nami nitaandika saa.

Karatasi ile ninayo.
Kalamu ya risasi, vidole vitano,
na kisigino kilichopinda kidogo
pale niliposikia kutekenywa.