Waya wa Kijani

Redio ya Spasio ilizaliwa Japani, na Kijapani haikukiacha.
Miaka sita iliniomba namba ya siri
kwa herufi kama vibanda vya nyasi vilivyoanguka,
na masafa yake yaliishia tisini,
pale pale stesheni zetu zinapoanza kuongea.

Jumamosi nikaipeleka Chang'ombe kwa Yaredi Senyagwa,
fundi asiye na kibao: ana meza, koleo, soda ya chupa
na mdomo.
"Mwalimu, tutoe vyote. Spika hizi za karatasi ni za enzi.
Nina za inchi sita, zikipiga hapa Kizota wanasikia."
Redio mpya, sawa, nikasema. Spika zibaki.
"Zibaki?"
Zibaki. Na nyaya za gari usizikate, tafuta soketi yake.
Akanitazama kama mtu aliyeagiza uji baa.

Aling'oa dashibodi kwa kisu cha mezani.
Humo: shilingi ishirini, mbegu za zabibu,
kitana cha mtu nisiyemjua,
na vumbi, laini kama unga wa uwele uliochekechwa mara mbili,
vumbi la Kondoa kabla ya lami.

"Njano, umeme usiolala. Nyekundu huamka na ufunguo.
Nyeusi, bodi. Hizi nane ni za spika, mbili mbili kama ndoa,
nyeupe na kijivu mbele, kijani na zambarau nyuma,
kila moja na mwenzake mwenye mstari mweusi."
Akavua ngozi za milango ya mbele,
akachukua betri ya saa ya ukutani, akagusisha:
pu.
Karatasi ikasogea, kidogo, kama kifua cha mtoto aliyelala.
"Ikitoka nje, hapo ni chanya. Ikijivuta ndani, umekosea."
Kulia, pu. Kushoto, pu.
Za nyuma hakupima. Jua lilikuwa limeifikia soda yake.

Ikawaka bluu, bluu ya duka la simu.
Nikalipa.

Jumapili nikamfuata mama Ntyuka, twende Mvumi.
Mama hukaa nyuma, kushoto.
Sikio la kulia lilimfia mwaka wa surua;
la kushoto hulilaza mlangoni, shavu kwenye wavu wa spika
(wavu umeng'aa kwa mafuta yake),
na kwaya humwingia kwa taya kwanza.
Haya sikumwambia Yaredi. Angecheka, au angepandisha bei.

Nikaweka kwaya. Sauti safi, kali,
kila kayamba na mbegu zake.
Nikajisifu kimoyomoyo mpaka korongo la pili.
"Simamisha."
Tumbo, mama?
"Wanaimba wote, ila mmoja kawapa mgongo.
Yule wa sauti nene. Wakimvuta huku, anakwenda kule."
Redio ni mpya, mama. Ina wati hamsini.
"Sijakuuliza umri wake."

Jumatatu Yaredi alivua ngozi ya mlango wa nyuma,
akarudi kwenye soketi na betri yake ya saa.
Mimi nikaachiwa kutazama karatasi.
Akagusisha.
Ikajivuta ndani.
Nikamwambia. Akasema nitazame vizuri.
Ikajivuta ndani tena.

Aliachanisha maungio, kijani huku, mwenye mstari kule,
akazungusha utepe mweusi, dakika tatu,
pesa akakataa.
Ndipo akauliza, akijifanya anatafuta koleo,
kama huyo bibi ana kazi.

Besi imerudi. Si kubwa.
Kizota hawasikii kitu.
Skrubu moja ilibaki, nimeiweka kwenye kisahani cha majivu,
na tukipita matuta ya Ntyuka inalia peke yake.
Hiyo, mama anasema, si ya kwaya.