Soksi Nne Mezani

Chupa nne tumezivika soksi za shule za Sizya,
nyeupe, mstari wa bluu, moja ina tundu kidoleni,
ili jicho lisimshawishi ulimi.
Ni wazo la Mihayo, aliyeshuka na treni ya Dodoma
saa tisa usiku badala ya saa mbili,
kakumbatia boksi lake
kama mtu aliyebeba mtoto mwenye surua.

Glasi ni za Bi Zamda, ukuta wa pili.
Hanywi. Alizileta mwenyewe, akazihesabu mbele yangu,
kisha akavuta kiti:
"Lazima mtu mwenye akili zake aandike alama."
Akafungua daftari la hesabu,
akapiga mistari kwa bahasha ya bili ya maji.

Ya kwanza.
Kashindye akasukutua kama aliyetoka kung'oa jino,
akatafakari, akasema: "Nyekundu."
Tukacheka. Rangi siyo ladha, shemeji!
Lakini sisi wengine tulikuwa na nini zaidi?
Vinywa vimejaa, maneno yamekwisha.
"Kali."
"Kali ya nini? Ya pilipili, ya ndimu, ya mama mkwe?"
Nikasema ina ukakasi, ule wa ndizi mbichi,
ulimi unavaa sufu.
Bi Zamda akaandika: sufu.

Ya pili ilitangulia na ugwadu,
utamu ukaja nyuma, umechelewa,
mgeni anayebisha hodi mmeshanawa mikono.
Kalunde akakunja pua. Nne juu ya kumi, akasema,
na aliyeitengeneza hii hajui sabuni.

Ya tatu tuligombana.
Mihayo: vumbi la Isevya likipigwa na mvua ya kwanza.
Mimi: kufuli.
"Nani amewahi kuonja kufuli?"
Mimi. Nilikuwa na miaka sita, la stoo ya babu,
nikitaka kujua nini kinafungwa humo.

Ya nne Bi Zamda akaiomba.
"Kunusa si kunywa," akajibu kabla hajaulizwa.
Akafumba macho juu ya glasi, muda mrefu,
mpaka Kashindye akaacha kutafuna karanga.
"Sanduku la mama," akasema.
"Siku tulipolifungua, baada ya arobaini."
Akaliandika mwenyewe, pembeni,
nje ya mistari, bila alama.

Hapo ndipo umeme ukakatika.
Isevya nzima, tukasikia majirani wakiguna kwa pamoja.
Mtu akagusa meza, chupa zikagongana, zikabadilishana nafasi,
tukaendelea kumimina kwa kupapasa.
Gizani kila kitu kilikuwa kizuri.
Kashindye akaapa hii ndiyo ya kwanza,
na hii nayo ndiyo ya kwanza,
akampa Mihayo kumi juu ya kumi kwa kuwa kakaa karibu.

Taa ziliporudi tukazivua soksi.
Sufu na kufuli: zote mbili za Dodoma,
shamba moja, mwaka mmoja, bei tofauti.
Ya mtu asiyejua sabuni ilikuwa rozela,
iliyochachushwa stooni kwenye ndoo ya rangi
na Kalunde.
Alicheka mwisho kuliko wote, na si sana.

Na ya nne ni yangu.
Asali ya Ipole, maji ya kisima, miezi mitano nyuma ya mlango,
nta haikutoka yote, niliona aibu kuitaja.
Bi Zamda alikuwa ameshaanza kukusanya glasi zake.
Akazihesabu tena. Moja ikabaki mezani,
ina kidogo chini.
"Hiyo nitaifuata kesho," akasema,
asiniangalie.

Leo Jumatatu Sizya amegoma kuvaa soksi.
Zina mabaka ya zambarau, na mwalimu wa zamu ana pua.
Nimezinusa moja moja kabla ya kuziloweka.
Ile yenye tundu
bado sijaipatia neno.