Usawa wa Kifua

Mpera ulio nyuma ya jiko
unakufa kuanzia utosini.
Majani ya kileleni yamejikunja kama risiti za mwaka jana,
na mapera ya mwisho yalitoka madogo, magumu, yenye madoa;
hata popo waliyaonja wakayaacha.

Lesilwa ameshanoa panga.
Amenunua na mche, kule Nzuguni:
mchungwa wa kubebeshwa, shilingi elfu tano,
bado umo kwenye kiriba chake cheusi,
umekaa mlangoni kama mpangaji
aliyefika kabla mwenye chumba hajahama.

"Maji ni ndoo moja," anasema. "Chagua."
Kweli. Hapa Nkuhungu bomba hukohoa Jumanne,
likikohoa tena ni Ijumaa, usiku wa manane,
na huu ni Oktoba,
mvua bado ni maneno ya redioni.

Nikapanda kwenye stuli, nikakwangua gamba kwa ukucha.
Tawi la juu: kahawia. Likakatika kwa mlio wa biskuti.
Nikashuka. Kahawia.
Nikashuka tena, usawa wa kifua:
kijani.
Chembamba kama uzi wa pindo la kanga, lakini kimelowa.

Sikumwita Lesilwa.
Nilichuchumaa shinani, nikafukua.
Kiganja kimoja chini nikakuta saruji,
ile aliyokorogea hapo fundi Chidawali
mwaka ule tulipojenga choo tukashangilia vigae.
Na juu ya saruji, utando mweupe:
maji yangu ya kufulia, sabuni na jiki,
kila Jumamosi, miaka sita,
nikijisifu moyoni kwamba naunywesha.

Nyemo alirudi shule akanikuta na nyundo.
"Mama, umefukia hela?"
Nikacheka, kisha nikashindwa kuendelea kucheka.

Jioni nikamwambia baba yake: kata,
lakini ishia hapa,
nikaweka kidole kwenye kovu la ukucha wangu.
Mchungwa uende kule, ukutani.
Ndoo tutaigawa.
"Nusu ndoo haikuzi kitu," alisema.
Huenda.

Akakata. Umebaki mti wa kimo cha Nyemo,
hauna jani, hauna kivuli hata cha kuku mmoja.
Vipande vya saruji nimevipanga kando ya choo.

Leo ni siku ya kumi na tisa.
Chipukizi hakuna.
Maji ya sabuni nayabeba hadi barabarani,
nayamwaga pale,
na vumbi linayanywa bila kuuliza.