Kanda la Usufi

Asaa wa mitumba, sokoni Chake,
ananimwagia mashanta juu ya turubali.
"Chukua hili la kijani, Bi Mkasi.
Lina mifuko kumi na saba, lina vyuma mgongoni,
hili watakuja kulirithi wajukuu."

Sitaki kurithisha begi, Asaa.
Nataka kutoka Mkoani mpaka mnara wa Kigomasha
kwa miguu, siku nne, tano,
na nikifika niwe bado na mabega.

Tunavuka njia mpaka kwa Shaame, mpima karafuu.
Msimu umekwisha, mizani yake bado inanukia.
La kijani, tupu, halina hata leso ndani:
kilo mbili na robo.
Kilo mbili na robo za mifuko na hewa!
Shaame anacheka: "Hilo ningekukata kwa unyevu."

Mgongo wangu una kumbukumbu kuliko kichwa.
Miaka kumi na mmoja nilibeba bomba la dawa ya mbu,
lita kumi na tano, nyumba kwa nyumba,
Mtambile, Kengeja, Kiwani, Wambaa,
mkanda wa kushoto umekatika, umeungwa kwa waya,
na waya ule ulinichora hapa, gusa,
alama kama njia ya siafu.
Watu walitoa vyungu nje, wakatoa magodoro,
wakaniambia, "Karibu, mwanangu, mbona umepinda?"
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Msimamizi wetu alikuwa na pikipiki.

Basi najua ninachokitafuta.
Mikanda mipana, isiyokula nyama.
Mshipi wa kiunoni, uzito ukae nyongani,
pale mbeleko ilipomkalisha Hafidha wangu.
Kitambaa cha kukauka upesi. Zipu moja,
maana zipu ya pili hualika kitu cha pili.

Chini kabisa ya rundo, limekunjwa kama shuka la mtoto,
la buluu, limepauka.
Gramu mia sita na themanini.
Shaame anaigonga mizani, anadhani imekwama.

"Jepesi mno hilo, litachanika," asema Asaa.
Ndiyo maana naazima mchele, pishi mbili,
nazi mbili juu yake, nafunga, nazunguka soko lote,
nashuka mpaka benki, napanda,
napita kwa wauza pweza,
watoto wa chuo nyuma yangu wauliza nahamia wapi.
Mshono mmoja wa chini unalia kidogo.
Nitaushona kwa uzi wa nyavu.

Ndani, chini ya kifuniko, kuna jina kwa wino.
Herufi nne zasomeka, zilizobaki zimekwenda na mvua ya kwao.
Mtu alitembea nalo mahali,
akafika, au hakufika, akalitoa.

Elfu ishirini. Tumevutana
mpaka kumi na nne, na nazi moja nikaondoka nayo.

Nyumbani navipanga vitu mkekani, navipunguza.
Kanga mbili: moja.
Sufuria: abaki nayo mwenye jiko, Ole nina jamaa.
Mikate ya mofa, tende, chumvi kwenye karatasi.
Mswaki nimeukata mpini.
Dada yangu Riziki kaona, kashika kinywa:
"Hata mswaki umekulemea?"
Gramu nne, nimemwambia.
"Na huko Kigomasha unamfuata nani?"

Simfuati mtu.
Hilo nalo ningeliweka kwenye mizani ya Shaame,
lisingesogeza sindano,
na ndilo lililowalemea wote nyumbani,
wamekaa ukumbini tangu magharibi wanalibeba.

Usiku nimelivaa, taa imezimwa,
nikatembea kutoka kitandani mpaka mlangoni.
Mkono wa kushoto ukashuka wenyewe,
ukapapasa ubavuni, ukautafuta mpini wa kupampu.
Ukapapasa tena.